Fundo Lililotoka Gothenburg

Mwanamke aliyeuleta mzigo aliukumbatia tangu uwanja wa ndege wa Gothenburg mpaka mlangoni kwa kina Filsan, mjini Cardiff, na hata alipofika hakutaka kuuachia upesi.

"Nimeapishwa," alisema akihema. "Nisiuweke chini, nisiulaze ubavu, nisimpe mtu ila binti mwenyewe. Filsan ni nani hapa?"

"Mimi, shangazi."

"Basi pokea kwa mikono miwili. Na salamu za mama yake Kayse ni hizi: usiuguse mpaka Jumapili, saa ya chai, mbele ya macho yake. Uufungue bila kisu, bila mkasi, bila meno. Ukifunguka, atakuja kukuposa mwenyewe. Usipofunguka, umwachie mwanawe."

Alipokwisha kuutua ujumbe huo aliomba maji, akanywa, akaomba na chai, akanywa vikombe viwili, akaaga. Filsan akabaki kasimama ukumbini, mzigo mikononi.

Ilikuwa xeedho, fumbo la harusi la Kisomali, tena si ya mchezo. Ndani, chombo cha kusukwa kilichojaa nyama ya ngamia iliyokaushwa, ikakatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, ikazamishwa katika samli na kufunikwa kwa tende. Nje, kimevishwa kama bibi arusi: nguo nyeupe, shela, shanga kiunoni. Na juu ya mavazi hayo kamba zilizosukwa zilipita huku na huko, zikapanda, zikashuka, zikaingia chini ya nyingine zikapotea. Mwisho wa kamba hauonekani. Utamu wa xeedho ndio huo, na uchungu wake ndio huo huo.

Mama yake Filsan, Bi Mulki, alikizunguka kitu hicho mara kadhaa kama askari anayekagua gari.

"Huyu mwanamke ana wazimu? Tangu lini xeedho ikatoka kwa mama wa mwanamume? Xeedho huifunga mama wa bibi arusi! Niifunge mimi, halafu waje wao siku ya saba ya harusi wahangaike kuifungua, nami nikae pembeni nikiwacheka. Huyu ametugeuzia dunia miguu juu!"

"Labda hakuiamini mikono yako," alisema mumewe, Mzee Warsame, bila kuinua macho kwenye gazeti.

"Mikono yangu ina nini?"

"Haina kitu. Ila ile ya harusi ya binti yetu mkubwa uliiagiza kwa simu."

Bi Mulki alimkata jicho, kisha akamgeukia Filsan. "Sikiliza, mama. Mtu anakukataa hajakuona, hajakusikia hata sauti, na wewe unataka ukale chumvi yake? Mrudishie chombo chake. Wanaume wa Kisomali wamejaa dunia nzima, hawakuishia Sweden."

Filsan aliinama akainusa. Samli, iliki, na kwa mbali moshi wa ubani. Alitamani kujua hiyo kamba inaanzia wapi kuliko alivyotamani kula.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, amezaliwa Cardiff kama baba yake. Babu yake ndiye aliyekuja na meli, akichochea makaa. Kutwa alishinda katika duka la miwani akiwapima watu macho kwa Kiingereza. Kisomali chake kilikuwa cha jikoni: njoo, kula, funga mlango, utapigwa. Mwaka uliopita bibi yake alipokuwa akifariki, alimshika mkono akamwambia maneno mengi, na Filsan hakuyaelewa hata nusu. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama mwiba. Baada ya matanga akafungua chumba cha mazungumzo mtandaoni, cha sauti bila video, kwa Kisomali kitupu, akakiita Chai ya Alasiri.

Sheria zilikuwa mbili. Hapaulizwi ukoo. Na anayeteleza akatia neno la lugha nyingine analia kama mbuzi mbele ya wote. Watu wakaja kutoka Minneapolis, Melbourne, Oslo, Nairobi. Daktari mmoja wa Toronto alilia kama mbuzi mpaka mkewe akaingia kuuliza kuna nini. Na jioni moja ikaingia sauti nzito, ya taratibu, isiyo na haraka ya kusifiwa. Ilikuwa ya Kayse, fundi wa lifti wa Gothenburg. Filsan akajikuta siku hizo anachana nywele kabla ya kuingia katika chumba ambacho hakuna anayemwona.

Baadaye walianza kuonana kwa video, kisha Kayse akaja Cardiff mara mbili, akanywa chai mbele ya Mzee Warsame na kuondoka kwa adabu. Mambo yalikuwa yakienda vizuri mpaka alipomtajia mama yake.

Jioni ya siku ile mzigo ulipofika, Kayse alipiga simu. Alikuwa bado na nguo za kazi, grisi shavuni.

"Umefika?"

"Umefika. Uko mezani unanitazama."

"Filsan, wallahi sikujua. Nilimwona akikaanga nyama, nikadhani ni ya nyumbani. Nimegombana naye mpaka majirani wamegonga ukuta."

"Anasema nini?"

Kayse alijikuna shingo. "Anasema msichana wa Cardiff ni Mwingereza aliyefunga mtandio. Nikamwambia, zungumza naye basi umsikie. Akaniuliza, tutazungumza kwa lugha gani, ya mikono?"

Filsan alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

"Achana nayo," Kayse alisema. "Chukua mkasi, kata, pika wali mle hiyo nyama. Mimi nitakuja na wazee wangu, nitakuoa."

"Na mama yako?"

"Atazoea."

"Mama hazoei, Kayse. Mama hunyamaza tu. Utakuwa unamletea wajukuu Sikukuu, anawapa peremende, ananyamaza. Mimi nishamnyamazia bibi yangu mmoja mpaka kaburini. Sina nguvu ya kumnyamazia wa pili."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimekubali sharti lake. Isipofunguka, nitakuachia."

"Utaniachia? Kama mwavuli kwenye basi?" Kayse alisimama, simu ikatikisika, ikaonyesha dari. "Mimi sina neno katika jambo hili? Ninyi wawili mmenifunga humo ndani pamoja na nyama?"

"Usinipigie kelele."

"Sikupigii kelele, naogopa!"

Walitazamana. Filsan alitaka kuigusa ile grisi shavuni, akaishia kugusa kioo cha simu.

"Nami naogopa," alisema. "Lakini nataka kujua kama inafunguka."

Kesho yake aliweka picha ya xeedho katika Chai ya Alasiri akaomba msaada. Lo! Ilikuwa kama kumwaga mtama mbele ya kuku. Kila mtu alikuwa na shangazi aliyewahi kufungua xeedho, na kila shangazi alianzia upande wake. Mmoja alisema igeuze chini juu. Mwingine akasema ukiigeuza samli itakumwagikia na utaolewa na kipofu. Yule daktari wa Toronto alitaka ipigwe picha ya mifupa. Mwisho waligombana wao kwa wao kuhusu nyama ya ngamia na ya ng'ombe, ipi hudumu zaidi, na Filsan akafunga chumba akiwa hajui lolote.

Hapo ndipo ulipoingia ujumbe wa sauti, wa siri, kutoka kwa msikilizaji aliyejiita Mama Ubani. Picha yake ilikuwa chetezo cha udongo kinachofuka moshi. Alikuwa akija chumbani wiki hizi za karibuni, akisikiliza tu, hasemi.

"Binti," ilisema sauti ya mwanamke wa makamo, kavu kidogo kooni. "Hao wote waongo. Hakuna aliyeifungua hata mmoja. Mimi nimezifungua na nimezifunga. Nani kakupa hiyo?"

Filsan aliisikiliza stoo ya duka la miwani, wakati wa mapumziko, akairudia mara tatu ili asikose neno. Akajibu polepole, akitafuta maneno kama mtu anayetafuta sarafu gizani.

"Shangazi, nashukuru. Amenipa mama wa mwanaume ninayempenda. Hanitaki."

"Kwa nini hakutaki?"

"Anafikiri nitawafunga wajukuu wake midomo."

Kisha: "Na wewe unafikirije?"

"Nafikiri ana haki ya kuogopa. Ila angeniuliza."

Wakaendelea hivyo siku ile na iliyofuata. Mama Ubani alikuwa mkali. Akimuuliza jambo hataki jibu la neno moja. Alimtaka amweleze bibi yake alivyofariki, akamweleza. Alimtaka amweleze mama yake, akamweleza, mpaka habari ya xeedho ya kuagizwa kwa simu, na Mama Ubani akacheka mpaka akakohoa. Filsan alianza kuusubiri ule mlio wa ujumbe kama anavyousubiri wa Kayse. Alimtajia Kayse kwamba amepata shangazi wa mtandaoni. Kayse akasema, "Mwombe aniombee na mimi dua."

Siku ya Alhamisi Mama Ubani aliuliza: "Huyo mwanaume unampendea nini? Usiniambie ni mzuri. Wazuri wamejaa."

Filsan alifikiri kutwa nzima, akiwawekea watu miwani na kuwavua. Jioni akajibu.

"Shangazi, mimi maneno hunipotea. Siku moja chumbani nilitaka kusimulia habari ya nyuki, neno likanikimbia, nikasema 'nyumba ya nyuki'. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, wala hakunisahihisha. Alingoja, kisha akaniuliza tu, 'Na huo mzinga ulikuwa na asali?' Akaliweka neno katika sentensi yake, nikaliokota, hakuna aliyeona. Hufanya hivyo kila siku. Sijui nani alimfundisha, lakini aliyemfundisha namheshimu."

Safari hii Mama Ubani hakujibu. Ijumaa ikapita kimya. Filsan akadhani amemchosha. Jumamosi mchana ujumbe ukaja, mfupi, sauti imeingia ndani zaidi kuliko siku zote.

"Upande wa kushoto, chini ya shela, utaona uzi mwekundu. Kamba nyingine zote ni za kukupoteza. Ushike huo, uvute kwa nguvu, mara moja. Usisite."

Filsan aliinama akachungulia chini ya shela la xeedho, bila kuligusa. Uzi mwekundu ulikuwepo. Alirukaruka jikoni kama mtoto mpaka Bi Mulki akauliza kama kachomwa na maji moto.

Jumapili nyumba nzima ilivaa. Hata Bi Mulki, aliyeapa hatashiriki upuuzi huo, alitoa dirac, gauni lake refu la zambarau, na kufukiza udi mwingi kiasi kwamba king'ora cha moshi kililia. Mzee Warsame akapanda kiti akakipepea kwa gazeti, huku nje jirani akichungulia dirishani. Ikabidi dirisha lifunguliwe, na mvua ya Cardiff ikaingia kidogo. Ndipo runinga ikawashwa, na Gothenburg ikajaa ukutani.

Kayse alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, shati jeupe, mikono kati ya magoti. Macho yake yalimtafuta Filsan mara moja, yakatulia hapo. Kando yake ami yake Roble, mzee wa ndevu za hina, msemaji wa familia. Na katikati, mama yake, Bi Dahabo. Filsan alikuwa akimwona kwa mara ya kwanza. Mwanamke mwembamba, mgongo wima, ushungi wake ameuvuta ukamziba mdomo na pua. Yaliyobaki ni macho.

"Asalaam aleikum, watu wa Cardiff," alisema Ami Roble.

"Waaleikum salaam, watu wa Gothenburg," alijibu Mzee Warsame. "Mmeshindaje? Watoto wazima? Mvua huko?"

"Theluji."

"Basi sisi tuna nafuu."

Salamu zilipokwisha, Ami Roble alikohoa. "Mimi nimetumwa kusema, na mjumbe hauawi. Shemeji yangu huyu amefanya jambo ambalo baba zetu hawakulifanya. Xeedho imetembea kinyumenyume. Nimemwambia, hakusikia."

"Hata mimi nimeshangaa!" Bi Mulki alidakia. "Na kama mwenyewe yupo, mbona haongei? Au kwetu kunanuka?"

"Mama," Filsan alinong'ona.

"Niache niulize. Mtu kanitumia fumbo nyumbani kwangu, hata salamu hanipi?"

Bi Dahabo aliinamisha kichwa kwa salamu, mkono kifuani. Hakutoa neno. Kayse alimgeukia. "Mama, una nini leo? Tangu asubuhi hujatia neno." Yule mama akatikisa kichwa tu na kuuvuta ushungi zaidi.

Filsan aliumia. Kumbe dharau yenyewe ni hii, alijisemea, hata sauti yake ananinyima. Lakini aliyameza. Aliketi chini kwenye mkeka, xeedho mbele yake, shanga zake ziking'aa kwa mwanga wa runinga. 

"Kabla sijaanza," alisema kwa Kisomali, polepole, "nina la kusema. Sikuwa na mtu wa kunifundisha kufungua. Niliuliza. Kuna shangazi mmoja simjui jina, simjui uso. Alinionea huruma akanieleza. Kama kuuliza ni kosa, semeni sasa, nisiiguse."

Ami Roble aliwatazama wenzake. "Kuuliza si kosa. Sisi wote tunaishi kwa kuuliza."

"Basi ikifunguka," Filsan aliendelea, "fungu la kwanza la nyama hii si langu wala la Kayse. Nitaliweka kando kwa ajili yake, mpaka nijue anaishi wapi nimpelekee. Kwa sababu tangu bibi yangu afe, yeye ndiye mwanamke wa kwanza mkubwa aliyekaa na mimi akanisikiliza mpaka mwisho wa sentensi."

Bi Mulki aligeuza uso akajifuta jicho kwa pembe ya mtandio. 

Filsan aliinua shela, upande wa kushoto. Akaupata uzi mwekundu. Akausokota kwenye kidole cha shahada, akaukaza, akafumba macho.

"Bismillahi..."

"Usivute!"

Sauti ilipasuka ukutani. Bi Dahabo alikuwa amesimama, ushungi umemdondoka mabegani, mkono ameunyosha mbele kana kwamba angeweza kuvuka bahari na kumshika.

"Usiuvute huo, binti! Ukiuvuta utakaza fundo lote, haitafunguka tena mpaka ikatwe! Uachie! Uachie polepole!"

Filsan aliuachia. Si kwa sababu ya maneno. Ni ile sauti. Kavu kidogo kooni. Alikuwa ameilaza sikioni wiki nzima, katika stoo ya duka, kwenye basi, chini ya blanketi.

"Mama Ubani," alisema.

King'ora cha moshi kililia mara moja, kikanyamaza.

"Mama?" Kayse aliinuka taratibu. "Mama, wewe ndiye huyo shangazi? Wewe ulikuwa unaingia chumbani kwetu?"

"Mwenyewe mlisema hapaulizwi ukoo," Bi Dahabo alisema, na akaketi, mara akaonekana mdogo. "Niliingia."

"Ukamfundisha uongo."

"Nikamfundisha uongo."

"Wallahi huyu mwanamke..." Bi Mulki alianza kuinuka, mumewe akamshika pindo la dirac.

"Kaa, mke wangu. Hiki si kisima chako, waachie wenyewe."

Filsan alikuwa bado anatazama kidole chake, uzi mwekundu umeacha alama. Hasira ilimpanda hasa, ikamfika machoni.

"Ulitaka nijinyonge kwa mikono yangu," alisema. "Na nikushukuru juu yake. Hukuona haya?"

"Niliona," alijibu Bi Dahabo. "Ndio maana nimeziba uso."

"Kwa nini? Nilikueleza kila kitu. Nilikueleza kwa nini ninampenda!"

"Hapo ndipo nilipoogopa." Bi Dahabo aliikunja mikono mapajani. "Asiyempenda angechoka, angeondoka mwenyewe, nisingehitaji hila. Lakini wewe hukuwa unaondoka. Binti, sikiliza. Ndugu yake Kayse mkubwa ana watoto watatu, wanakaa mtaa wa pili kutoka hapa. Nawapenda mpaka mifupa. Huja, hukaa pale ulipo mlango, nami nawaambia, mtoto, nipe maji. Wanamtazama baba yao. Baba yao anawatafsiria. Ndipo wanainuka. Maji yakinifika hayana ladha. Nimetoka na lugha hii kichwani, sikutoka na kitu kingine, hata sufuria. Kila siku nafikiri, nikifa huu mzigo nitauacha kwa nani? Nikamwangalia Kayse nikasema, huyu basi. Huyu aniolee mtu nitakayezungumza naye."

"Na mimi nilikuwa nazungumza na wewe," Filsan alisema. "Wiki nzima."

Bi Dahabo alitokwa machozi bila kelele.

"Ulikuwa unazungumza na mimi," alisema hatimaye. "Nami nilikuwa nasahau kwamba ni wewe."

Kayse alipiga goti mbele ya mama yake, akamshika mikono. Kisha akainua uso kwenye kamera, na kwa jinsi alivyomtazama Filsan, Ami Roble aliona heri aangalie theluji nje.

"Haya," Bi Dahabo alivuta pumzi. "Sharti limekwisha, nimelivunja mwenyewe. Fundo la kweli liko chini ya shanga, ukihesabu kutoka..."

"Usiniambie!"

Wote wakashtuka. Filsan alikuwa ameifunika xeedho kwa viganja vyake viwili.

"Ulisema nifungue bila kisu, bila mkasi, bila meno. Hukusema nifungue peke yangu."

"Sikusema," Bi Dahabo alikubali, taratibu.

"Basi njoo. Nitaiweka hapa, juu ya kabati la bibi, sitaigusa na mama yangu hataigusa."

"Mimi? Niiguse ya nini, nina wazimu?" alisema Bi Mulki, lakini sauti ilikuwa imeshalainika.

"Uje uketi hapa, shangazi, mkekani. Unionyeshe kamba inakoanzia. Nitakuuliza kila kitu, nami nitakosea sana, nakuambia mapema. Hasira yangu nitakuwa nayo bado siku hiyo, nayo nitakueleza, kwa Kisomali, mpaka mwisho wa sentensi."

Bi Dahabo alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma herufi za mbali kwa macho mabovu. Kisha alicheka, kwanza puani, kama achekavyo mwanawe, na Filsan akajua sasa Kayse alifundishwa na nani.

"Na fungu lile la shangazi?" aliuliza.

"Lipo. Wewe ukija utalila mwenyewe."

"Nitakuja."

"Nami nitakuandalia..." Filsan alinyanyua mikono hewani, akionyesha umbo, neno limemkimbia wakati kama huu, mbele ya wakwe, mbele ya ami mwenye ndevu za hina.  "Nitakuwashia kile... kile kikombe cha moto. Cha udi."

Hakuna aliyecheka Cardiff, wala Gothenburg.

"Ndiyo, mama," Bi Dahabo alisema kwa upole. "Niwashie chetezo. Nakuja."